Kila Mtu Alikuja Kusema Haendi

Jumatatu, 6 Novemba

Likizo ya uzazi imeisha na mvua zimeanza, vyote wiki moja, kana kwamba vilipatana. Nimeanza kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mama mkwe ananiambia nina kiherehere. Hashimu, mume wangu, yuko Kibondo na duka lake la vipuri vya pikipiki. Anarudi Jumamosi amechoka, habari za mto hataki kuzisikia.

Na mimi habari nyingine sina. Mimi ni nesi. Tunaishi Kasulu mjini, lakini zahanati yangu iko ng'ambo ya mto Nyakafumbe, nusu saa kwa gari. Daraja letu ni zege lililolazwa karibu na maji. Mto ukijaa unapita juu yake, na hapo hapiti gari wala mtu. Saady wangu ana miezi mitano. Chupa hataki, kikombe hataki. Maziwa ninayomkamulia asubuhi bibi yake anampa kwa kijiko. Anapokea viwili vitatu halafu anatema na kunisubiri mimi. Siku nitakayokwama ng'ambo, mwanangu atalala na njaa. Hilo tu ndilo linaloniamsha na kunilaza.

Jumanne, 7 Novemba

Jua kali. Nimekwenda, nimerudi. Saady amenyonya mpaka nikasinzia nimekaa.

Alhamisi, 9 Novemba

Tunasafiri na mchomoko wa Badru, gari dogo ambalo mbele anakaa Mwalimu Tharsisi, nyuma mimi na kina mama wawili wauza dagaa wanaoongea Kiha mwanzo wa safari hadi mwisho, wakikumbuka kunitafsiria pale tu wanaponisengenya. Badru anaendesha kama anadaiwa. Leo nimemwambia apunguze mwendo, akaniambia gari likienda polepole linapata usingizi.

Ubaya ni kwamba ni jirani yetu, ukuta mmoja. Mke wake, Adija, anachoma maandazi barazani, na ana watoto, wa mwisho binti wa miezi saba, Yasmini. Kila asubuhi nikipita lazima aite: "Mwakeye, Mama Saady! Mkwe wangu ameamkaje?" Ameshamposa Saady kwa binti yake, mahari ameitaja mwenyewe, ndoo ya maandazi. Watu wote wanacheka. Mimi sicheki. Nikiangalia mawingu ananiambia watu wa pwani tunaogopa mvua kama tuna chumvi mwilini, tutayeyuka. Nilizaliwa Pangani, nimekuja huku kwa ndoa, na mvua ya huku si mvua ya kwetu. Simpendi yule mwanamke. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 13 Novemba

Jana jioni simu zote za mtaa zimelia. Angalizo la mvua kubwa kutoka mamlaka ya hali ya hewa, mkoa wetu umo. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Huduma za usafiri zinaweza kuathirika. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta mahali palipoandikwa kama mimi Asmahani niende kazini au nisiende. Hapakuwepo. Asubuhi nimemwandikia Badru kwamba siendi, Mwalimu akaona mimi siendi na yeye akabaki, kina mama wa dagaa wakapakia mizigo yao kwenye pikipiki.

Jua limewaka mpaka jioni. Adija ametandika turubai na kuanika mihogo yake mbele ya dirisha langu, makusudi kabisa.

Jumanne, 14 Novemba

Mganga mfawidhi, mkubwa wangu wa kazi, ameniuliza mvua ilinyesha wapi. Jana ilikuwa siku ya chanjo, mwenye zamu nikiwa mimi, na wanawake walikuja na watoto mgongoni kutoka mbali, wakakaa kwenye benchi, wakarudi. Wengine hawatakuja tena. Nimeona aibu ambayo haijanitoka hadi sasa.

Ijumaa, 17 Novemba

Angalizo tena. Nimekwenda. Manyunyu. Badru njia nzima alikuwa anaimba.

Jumapili, 19 Novemba

Hashimu alikuwepo. Nimemweleza yote, tangu mto hadi kijiko. Amesikiliza vizuri huku akimchezesha mtoto, mwisho akasema uamuzi ni wangu, kwani yeye akiwa Kibondo mto haoni. Maneno ya heshima, lakini yameniudhi kupita kiasi. Nilitaka aseme nenda au aseme kaa, ili nipate wa kugombana naye.

Jumatano, 22 Novemba

Leo nimewatazama abiria kituoni, pale karibu na kituo cha mafuta, si wetu tu, hata wa njia nyingine. Kila mtu ana simu yenye ujumbe uleule mfukoni. Hakuna anayeitoa. Wanatazama juu, mbingu ya Kasulu, halafu wanatazamana. Na sisi tunaovuka Nyakafumbe tunajua fika kwamba maji yake hayatoki Kasulu. Mvua inayojaza mto ule inanyesha huko juu, milima ya Munanila, mpakani na Burundi. Hapa mjini unaweza kuwa unafua nguo. Tunalijua hilo usiku, asubuhi tunalisahau, tunahukumu mto kwa kutazama bati la kituo cha mafuta.

Halafu gari likijaa, watu wanatulia. Gari kujaa ndio utabiri wetu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nesi mwenzangu amekwenda kumuuguza mama yake, atarudi mwakani. Kwa hiyo wa kuzalisha ni mimi peke yangu. Zena, mke wa mkulima wa jirani na zahanati, ana mapacha tumboni. Nimempa barua ya rufaa aje hospitali mjini akae karibu, kaikunja vizuri na kuniambia atakuja akimaliza kupanda maharage. Nimemfokea. Kaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Jumanne, 28 Novemba, asubuhi

Safari hii si angalizo, ni tahadhari, ngazi ya juu yake. Mvua kubwa, leo na kesho. Nimeamua: siendi. Ila simu ya Badru haipatikani, hivyo natembea hadi kituoni kumwambia uso kwa uso asinisubiri, kisha narudi kwa mwanangu. Mbingu ni ya buluu tupu.

Alhamisi, 30 Novemba

Sasa nina nguvu ya kuandika.

Juzi nilifika kituoni nikamkuta Mwalimu Tharsisi ameshakaa mbele, mkoba magotini. Mwalimu ni mtu wa tahadhari, hata chai anaipuliza ikiwa imepoa. Nikajiambia, kama huyu anakwenda, mimi nina nini? Na gari lilikuwa linanguruma tayari. Nilijikuta ndani. Kina mama wa dagaa walituona wakaingia. Adija alikuwa ametoka kumletea mumewe chakula. Alitutazama, na kwa mara ya kwanza hakutania. Nililiona hilo nikalipuuza.

Hadi saa sita ng'ambo kulikuwa na jua. Kisha upande wa Munanila kukawa kweusi, na ngurumo zikaanza, za mbali, hazikututisha. Tone halikutudondokea. Saa nane na nusu nilifunga dawa, tukashuka na gari hadi mtoni, na mto haukuwa ule tuliouvuka asubuhi. Daraja halikuonekana. Maji mekundu, yana majani, yana mihogo mizima iliyong'olewa na mizizi yake, na sauti yake unaisikia tumboni.

Vijana watatu walikuwa wanavusha watu kwa kuwabeba begani, maji yakiwafika kifuani. Mwanamume mmoja alivuka na baiskeli yake. Nilipomwona amefika, nilifunga kanga kiunoni na kuvua viatu. Maziwa yalikuwa yameshaanza kunitoka, gauni limelowa, kila mtu anaona, na mimi sijali. Niliwaza kitu kimoja, kwamba muda huu Saady anatema kijiko cha mwisho.

Badru akaja kusimama mbele yangu.

"Dada nesi, huvuki."

"Wewe si baba yangu."

"Ego, kweli siyo. Lakini mtoto anamtaka mama aliye hai."

Nilimtukana. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, ya kwake na ya kabila lake na ya gari lake. Hakunipisha. Niliposogea kulia alisogea, kushoto alisogea. Tukiwa hivyo, kama watoto wanaochezeana, gogo zima la mti likapita katikati ya mto, palepale walipokuwa wanavushia, na wale vijana wakatoka majini wenyewe na kukaa chini. Nami nikakaa.

Ndipo Mwalimu Tharsisi, kwa sauti ya chini, akasema alikuja kituoni kuaga tu. Alitaka kumwambia Badru haendi, ila alikuta gari limewashwa, akaona aibu. Badru akamgeukia.

"Mwalimu, mimi niliwasha ili nilirudishe nyumbani. Nilisoma ule ujumbe mpaka nikazima simu. Nikaona wewe umekaa, nikasema msomi hawezi kukaa bure. Halafu nesi naye akaja."

Kina mama wa dagaa walituangalia mmoja mmoja, wakaulizana kwa Kiha, kisha wakacheka hadi wakashikana. Nao walikuja kuomba dagaa wao wapelekwe peke yao. Kumbe gari zima lilijaa watu waliotoka nyumbani kusema hawaendi. Wote wakacheka. Mimi nililia.

Simu yangu ilikuwa haina mtandao. Upande ule ukitaka kupiga unapanda kilimani. Sikuwa na miguu ya kupanda. Nilimwona Badru anapandisha kile kilima, nikajua anakwenda kutafuta pombe, nikasema moyoni kwamba kila mtu na mtu wake.

Tulilala zahanati. Sitaeleza usiku ule. Nilikamua maziwa kwenye beseni na kuyamwaga nje, mimi ninayewaambia wanawake kila Jumatatu kwamba mtoto hadi miezi sita asipewe kitu kingine, na kwamba tone moja lisipotee. Matiti yalikuwa mawe. Nilimwomba Mungu amlaze mwanangu usingizi, hata wa uchovu wa kulia.

Maji yalishuka jana mchana. Nilikimbia kutoka kituoni hadi nyumbani, kiatu kimoja mkononi. Nilitegemea kusikia kilio tangu nje. Kimya. Nilifikiri mabaya yote. Kumbe Saady amelala chali, tumbo limejaa kama ngoma, mdomoni ana povu la maziwa. Nilimnyanyua, nikampa titi, akaligusa kwa ulimi, akageuza uso na kuendelea kulala.

Mama mkwe aliniketisha. Aliniambia Badru alipiga simu juzi alasiri kutoka ng'ambo, akamwambia mke wake neno moja tu, mtoto wa nesi. Adija alikuja palepale, Yasmini mgongoni, mikono ina unga, akamchukua Saady anayelia akamnyonyesha. Akarudi usiku, akarudi alfajiri, akarudi jana asubuhi na adhuhuri, kila mara hadi mtoto anaachia mwenyewe.

"Sasa ni mwanawe wa kunyonya," mama alisema. "Kwa dini yetu huyu na Yasmini ni ndugu. Umempatia mwanao mama wa pili."

Mimi sikumpatia mtu kitu. Hakuna aliyeniuliza. Nilipaswa kusujudu, na niliona wivu. Ndio huo ninaoulalia hadi leo.

Ijumaa, 1 Desemba

Sikwenda kazini, homa ya maziwa. Nimepita mlango wa Adija kwenda dukani bila kusalimia. Naye hakuuliza habari za mkwe. Hashimu amepiga simu, amefurahi, anauliza jirani tumpelekee nini. Nimemuuliza kwa nini hanionei huruma mimi. Akaniuliza ningependa mtoto alie? Nikakata simu, kwa sababu jibu la kwanza lililonijia lilikuwa baya.

Jumapili, 3 Desemba

Mama mkwe amenipa sukari na doti ya kanga na kunitoa nje kama mtoto anayetumwa. Nimemkuta Adija anapepeta mchele. Amenisogezea kigoda. Tumekaa. Sikujua kuanzia wapi, kwa hiyo nimesema ukweli: nimekuja kushukuru na nimekuja nikiwa na hasira.

"Najua," akasema. "Na mimi ningekuwa nayo. Nilikuwa na mkwe, sasa sina. Kaka mtu haposi. Yasmini wangu atatafutiwa mwingine."

Nilitaka kucheka, nikaona ameinamia ungo. Nilimuuliza kwa nini alikuwa ananicheka siku zote nikiogopa mvua.

"Mama Saady, wewe unavuka mto ule siku za kazi. Badru anavuka kila siku, hata Jumapili. Mimi nimezaliwa Munanila, nikiona wingu kwetu najua kabla yenu nyote. Nitamwambia nini? Asile? Nacheka kwa sababu nikinyamaza siku moja, watoto watajua."

Nilikumbuka alivyonyamaza kituoni. Nimekaa hadi mchele ukaisha. Wakati wa kutoka Yasmini alishika ushungi wangu na kuuvuta, hakutaka kuuachia.

Nimeishi ukuta mmoja na mtu huyu tangu niolewe, na nilikuwa namjua kwa kicheko tu.

Jumatano, 6 Desemba

Angalizo. Tumeweka utaratibu mpya, wazo la Mwalimu: kila mtu aamue akiwa kwake, kabla hajamwona mwenzake, amwandikie Badru kabla ya kulala. Badru naye hawashi gari kituoni mpaka asome. Leo wote wanne tulikuwa tumeandika hapana. Mvua ikanyesha kidogo tu, mto haukujaa. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Wivu upo bado. Umepungua asubuhi, unarudi jioni.

Ijumaa, 8 Desemba

Zena hajaja mjini. Maharage hayajaisha, anasema. Nimeanza kumwota.

Jumatatu, 11 Desemba

Naandika nikiwa zahanati, ng'ambo. Daraja limezama tangu saa saba mchana, na safari hii tone limetudondokea sote, mjini na huku. Zena amejifungua mapacha, wa kike akitangulia, wa kiume akitoka kwa miguu na kunizeesha. Wote wanalia vizuri. Yeye amelala, na mumewe amekaa mlangoni na ile barua ya rufaa mkononi, ananiangalia kama ataniomba radhi kwa niaba ya maharage.

Jana usiku tahadhari ilikuja na nikaandika hapana. Alfajiri mume wa Zena akapiga simu kutoka kilimani: chupa ya uzazi imepasuka. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Siku zote swali langu lilikuwa moja, je, nitarudi? Nilisoma tahadhari nikitafuta jibu la swali hilo, nikatazama mbingu, nikatazama nyuso za watu kituoni, nikatazama gari. Leo nililiacha. Nikamwandikia Badru kwamba naenda. Akajibu daraja liko wazi kwa sasa, kwenda atanipeleka, ila kurudi leo haahidi. Nikamwambia kurudi simuulizi. Nikafungasha kanga ya kulalia na mswaki.

Halafu nikamnyonyesha Saady mpaka akashiba, nikambeba, nikazunguka ukuta. Adija alikuwa mbele ya karai la maandazi. Aliona begi langu, akaona mtoto, akaipua karai na kujifuta mafuta mikononi, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. Safari hii nilitaka kusema mwenyewe.

"Mama yake mwingine," nikamwambia, "nimekuletea mwanao. Leo sirudi."

"Mlete, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha, na sikujua anamwita yeye au mimi.

Nikamweka mikononi mwake. Saady alinusa shingo yake, akaegemea hapo na kufumba macho, hata hakugeuka kunitazama nikiondoka. Nilitembea hadi kwenye gari nikiwa nimetega masikio. Badru alizunguka kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro, akalikagua muda mrefu, ili nimalize kusikiliza.

Saady hakulia. Nilikuwa nataka alie, hata kidogo tu.